Usimjazie Bakuli

Maji yalikuwa kila mahali uani. Kulikuwa na sufuria ya maji langoni, beseni la bluu chini ya mtufaha, ndoo ya kukamulia karibu na zizi, na karai zito la chuma mlangoni pa jiko, ambalo Seilkan mwenyewe alijikwaa nalo kila alipotoka na unga mikononi. Vyote vilikuwa vimejaa hadi ukingoni, maji safi ya chemchemi, na ndani ya kila chombo kipande cha mbingu kimelala. Uchar alipita katikati yake kwa miguu yake mirefu iliyokonda, akatazama hiki, akatazama kile, akageuza shingo na kwenda kulala kwenye vumbi.

"Kunywa, we mwanaharamu," Seilkan alimwambia. "Kunywa, baba. Kunywa, kipenzi changu. Kunywa kabla sijakuvunja mguu."

Uchar alifumba macho.

Alikuwa taigan, mbwa wa mbio wa milima ile, mwembamba, masikio yana manyoya marefu na mkia unajikunja pete mwishoni. Wakirgizi husema mtu ana hazina saba hapa duniani na mbwa wa mbio ni mojawapo. Kwa miaka mingi Seilkan aliuliza hizo sita nyingine ziko wapi, maana nyumbani kwake aliiona hiyo moja tu, nayo ilikuwa ikimwaga manyoya juu ya zulia.

Hakuwa mbwa wake. Alikuwa wa mumewe, Duisho. Waliwinda mbweha pamoja, wakazeeka pamoja, na magoti ya mmoja yalipoukataa mlima, ya mwenzake nayo yakaukataa. Ndipo wakaanza kazi yao ya uzeeni, yaani kukaa. Kila alasiri, jua likishafika juu ya paa la zizi, Duisho alibeba samawari ndogo ya chai hadi kwenye kibaraza cha mbao chini ya mtufaha, akaketi, na Uchar akaja kuegemeza kidevu kwenye ukingo wa kibaraza. Walikaa hivyo mpaka samawari ipoe. Seilkan aliwaona akipita na ndoo, akipita na unga, akipita na nguo za kuanika. Hakuwahi kukaa nao. Angekaaje? Ng'ombe wangejikamua wenyewe?

Duisho alifia pale pale kibarazani, majani ya mtufaha yalipokuwa yakipukutika, ameketi, bakuli la chai mkononi. Amekufa vizuri, watu walisema, utadhani kuna aliyekwenda akarudi kuwasimulia. Seilkan alilia wanavyolia wanawake wa huko, uso ameupa ukuta, kwa sauti na kwa maneno, akimtaja sifa zake moja baada ya moja. Alipomaliza aliosha vyombo vya waombolezaji na kukipa kibaraza kisogo. Baridi yote hakukikanyaga.

Lakini Uchar alikwenda. Theluji imefika magotini, upepo unatoka ziwani na kuuma, kila alasiri jua likifika juu ya paa la zizi alikwenda kuegemeza kidevu chake pale na kungoja. Hapo ndipo palipomshika Seilkan. Yeye aliacha kumngoja Duisho kwa sababu binadamu huambiwa, hushikwa mkono, huona kaburi. Mbwa hakuambiwa. Katika dunia nzima aliyebaki akimngoja mume wake alikuwa huyu mmoja, na siku akifa huyu, hatakuwepo tena wa kumngoja Duisho. Alijua ni mawazo ya kipumbavu, na aliyashikilia kwa mikono miwili.

Theluji ilipoyeyuka Uchar alianza kutapika, pumzi ikanuka, mbavu zikaanza kuhesabika. Daktari wa mifugo, mwanamke kijana aitwaye Meerim, alikuja na gari lake lililotapakaa matope, akamtoa damu, akaenda nayo mjini, na aliporudi alikaa kwanza kabla ya kusema.

"Figo zimechoka, mama. Haziponi, nisikudanganye. Ila zinaweza kuchoka polepole. Anatoa maji mengi kuliko anayoingiza, kila akikojoa anajikausha. Njoo nikuonyeshe." Akaibana ngozi ya shingo ya Uchar kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama, ikarudi taratibu mno. "Akiwa na maji mwilini, hii inarudi mara moja. Hiki ndicho kipimo chako. Mpe maji, kisha maji, kisha maji tena. Chumvi usimpe hata chembe, wala ile chai yenu ya maziwa na chumvi."

"Hiyo ndiyo aliyokuwa akinywa na marehemu."

"Basi na iishie kwa marehemu. Huyu maji, au supu ya mifupa isiyo na chumvi."

"Na akikataa?"

"Mbembeleze. Mmoja anapenda maji ya vuguvugu, mwingine anataka yanayotiririka, mwingine hataki bakuli la bati kwa sababu linampigia kelele. Kila mbwa ana njia yake, mama. Itafute."

Seilkan akaitafuta. Alimpa maji ya chemchemi, maji ya mvua, maji ya vuguvugu, maji yenye tone la supu. Alimvuta kwa kamba mpaka kwenye mfereji unaopita nyuma ya nyumba, maji ya barafu ya mlimani yanakimbia kwa kelele, na Uchar akasimama ukingoni akiyatazama kwa heshima, basi. Alimchimbia theluji ya mwisho iliyojificha nyuma ya zizi. Uchar aliilamba mara moja, akapiga chafya. Ndipo alipoanza kutandaza vyombo uani, akijisemea kwamba mnyama akizungukwa na maji, siku moja atajisahau na kunywa. Uchar alilamba kidogo hapa na pale, kiasi cha kumfanya asife. Ngozi ya shingo iliendelea kusimama.

Siku moja akaja Asanali, mdogo wake Duisho, aliyekaa ua wa pili na kufuga farasi. Alimfunga farasi langoni, akapiga hatua moja ndani na kukanyaga sufuria.

"Shemeji! Hapa mtu anahitaji mtumbwi kufika mlangoni?"

"Anahitaji macho tu. Wewe Mungu alikupa, sema huyatumii."

"Hajanywa?"

"Hajanywa."

Asanali akachuchumaa, akaibana ngozi ya shingo kama alivyomwona Seilkan akifanya, akaiachia, akaitazama. Akanyamaza, na kwa Asanali kunyamaza ni dalili ya ugonjwa. Walipoingia jikoni na kuketi kwenye zulia, alisema bila kumwangalia usoni.

"Shemeji, malisho ya juu yakishaota tunapandisha kondoo. Huyu safari hiyo haiwezi. Na wewe huwezi kubaki huku unamlinda na makarai yako."

"Sema unachotaka kusema."

"Bunduki ninayo. Kaka angekuwepo angeniita mwenyewe. Mwenye mbwa hampigi mbwa wake, humwita nduguye. Risasi moja, amelala, hata hatajua."

"Ulete bunduki ndani ya ua huu uone. Nitakumiminia samawari nzima kichwani, hicho kipara kiote nywele kwa mshtuko."

"Basi nitakuja na kofia."

Seilkan akacheka bila kupenda, halafu akakasirika kwa sababu amecheka.

"Sikiliza," Asanali alisema kwa upole. "Mpaka siku ya kupanda. Akiwa anakunywa, sina neno. Akiwa hanywi, utaniita mwenyewe."

Mkono wa Seilkan ukachukua birika, maana mikono yake ilijua kumimina chai hata yeye akiwa mbali, na macho yake yakatoka nje ya mlango mpaka kwa Uchar aliyelala kati ya beseni na karai. Anapumua? Anapumua. Chai ilipanda ndani ya bakuli, ikafika ukingoni, ikavimba juu ya ukingo. Alimsukumia Asanali.

Asanali hakulipokea.

"Haya," alisema. "Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Nimesema neno baya, naambiwa niende. Ni haki yako."

Akaelekeza kidevu kwenye bakuli. Seilkan akatazama, na uso ukamwaka. Mtoto wa kike wa huko hufundishwa kumimina chai kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Mgeni unayempenda humtilia kidogo, mafunda mawili matatu, ili akurudishie bakuli nawe umtilie tena, na maneno yapate kwenda mbele. Ukimjazia umemwambia jambo moja tu: kunywa, uondoke. Tangu aolewe Seilkan hakuwahi kumjazia mtu bakuli, hata wifi yake mkubwa, ambaye Mungu anajua alistahili.

"Nisamehe, Asanali. Akili yangu yote iko kwa huyu."

"Usijali, nimefukuzwa pamoja na mwenzangu." Akacheka, akanyosha kidole nje. "Mimi bakuli moja tu. Yeye karai, beseni, ndoo na sufuria! Kwa kufukuzwa huko angekuwa ameshavuka mpaka wa nchi."

Alicheka peke yake. Seilkan alikuwa ametulia, birika mkononi, na aliona kitu alichokuwa akikiona kila alasiri kwa miaka bila kukitazama: mkono wa Duisho ukishuka kutoka kibarazani na kutia tone la chai kwenye bakuli la mbao, Uchar akilamba, akiinua kichwa, na mkono ukishuka tena. Hakuwahi kumjazia. Tangu Uchar akiwa kinda asiyejua kusimama hakuwahi kujaziwa kitu. Maji yaliyojaa yalikuwa ya kondoo na ng'ombe. Yeye aliandaliwa.

Sisemi kwamba mbwa anajua adabu za chai. Nasema mbwa hujua alivyolelewa, na wapo watu hata hilo linawashinda.

Asanali alipoondoka, Seilkan alimwaga vyombo vyote kwenye mizizi ya mtufaha. Akaenda stoo. Sinia la Duisho lilikuwa kwenye rafu vilevile lilivyowekwa siku ya msiba: samawari ndogo, bakuli lake lenye ufa, bakuli la mbao alilomchongea Uchar, na la tatu, la udongo mweupe, safi, limefudikizwa. Hilo la tatu liliwahi kuwagombanisha. Mko wawili, vyombo vitatu, Seilkan alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, na anayeosha ni nani? Duisho alijibu kila mara, "La mgeni hilo." Mgeni mwenyewe hakuja hata siku moja. Seilkan alibeba sinia zima kama lilivyokuwa.

Jua lilipofika juu ya paa la zizi, Uchar akaja kibarazani kungoja. Seilkan akatia funda moja la maji ya vuguvugu kwenye bakuli la mbao, akaliweka chini ya pua yake, akasimama, mikono kiunoni.

Uchar akainua kichwa. Akanusa. Mkia ukatikisika mara moja, jambo ambalo halijaonekana tangu majani yapukutike. Akatazama bakuli lake, akatazama bakuli lenye ufa lililokuwa tupu, akamtazama Seilkan. Akangoja.

"Kunywa basi, nina unga wa kukanda."

Akangoja zaidi. Mwishowe akarudi kulala, na Seilkan akarudi kwenye unga wake, akaukanda kwa ngumi kana kwamba umemtukana. Katikati ya kukanda akasimama. Duisho hakuwa akisimama pale mikono kiunoni. Duisho alikuwa ameketi, na alikuwa akinywa.

Kesho yake alipanda kibarazani. Si jambo dogo. Kwanza magoti, halafu mahali penyewe, halafu aibu ya mwanamke mzima kukaa kitako mchana kweupe huku ng'ombe wakimwita. Aliketi kwenye mto wa kukalia wa Duisho, ndani ya kile kibonde alichoacha. Akajitilia chai kidogo kwenye bakuli lenye ufa, akamtilia Uchar maji kidogo. Akanywa.

Uchar akainamisha kichwa, naye akanywa.

Akalamba mpaka bakuli likakauka, akainua uso, matone yanadondoka kidevuni. Seilkan akamtilia tena. Akanywa tena. Seilkan alikuwa akilia bila sauti, bila maneno, bila ukuta wa kuutazama, na hakuacha kumimina. Haba na haba hujaza kibaba. Waliendelea hivyo mpaka samawari ikapoa.

Alipofuta macho aligundua jambo la ajabu. Siku zote alidhani Duisho hukaa pale kwa ajili ya ziwa, maana kutoka kibarazani Issyk-Kul lote linaonekana, la bluu, na milima ya ng'ambo yake inaelea juu ya ukungu. Lakini mto ule wa kukalia, na kibonde chake, ulilipa ziwa kisogo. Mbele yake kulikuwa na mlango wa jiko tu, mweusi kwa moshi. Mtu wa ajabu huyu, Seilkan aliwaza, na akakusanya vyombo.

Basi wakaanza alasiri zao. Mtufaha ukachanua, na nyuki wakaufanya mti mzima uvume. Maua yalidondoka kwenye samawari, kwenye mgongo wa Uchar, ndani ya bakuli. Seilkan alikunywa, akatia, akanywa, akatia, na kati ya funda na funda macho yalikuwa mazito. Hakujua lini amelala na lini yu macho. Mara Duisho alikuwa amekaa pembeni akijikuna kisigino, akisema weka kidogo, usimwogeshe. Mara hakuwepo, ulikuwepo mvuke. Mara Seilkan alikuwa msichana katika malisho ya juu, na kijana mmoja mwenye masikio makubwa anapita na farasi, anapita tena, anapita mara ya tatu akidai amepotea njia, na mama yake Seilkan anasema huyu kijana ama ni mjinga ama ni mkwe. Alifumbua macho na kumsimulia Uchar. "Alikuwa vyote viwili," alimwambia. Uchar alilamba bakuli, akainua uso, akataka zaidi.

Alimwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba alimwonea wivu yeye, mbwa. Kwamba alipowaona pale wawili walivyotulia, alipita na ndoo kwa kishindo makusudi. Kwamba angependa mtu amwite, na hakuitwa, au labda aliitwa na ndoo ikamzuia kusikia. Maji yakashuka, yakalambwa. Ngozi ya shingo ikabanwa, ikaachiwa, ikarudi.

Daktari Meerim alipokuja tena aliibana mwenyewe, akarudia.

"Mama, umempa nini?"

"Maji."

"Maji ulikuwa nayo tangu mwanzo."

"Sasa nakaa naye. Nakunywa na yeye anakunywa."

Meerim akacheka kwa furaha, akampapasa Uchar masikio. Halafu akawa na uso wa kazi. "Endelea hivyo hivyo. Lakini figo hazijapona, unajua? Umempa kiangazi. Zaidi ya hapo sikuahidi."

"Kiangazi kinatosha," Seilkan alisema. Alikuwa akisema uongo.

Asanali naye alipita, akachungulia juu ya ukuta akiwa juu ya farasi, kofia nyuma ya kichwa.

"Kuishi kwingi ni kuona mengi! Shemeji amekaa! Wameshajikamua ng'ombe?"

"Punguza sauti, utamshtua mgeni wangu."

"Anakunywa?"

"Tazama mwenyewe."

Asanali akatazama kwa muda mrefu, bila utani. Siku ya kupandisha kondoo alipita langoni na mkewe na mzigo wa hema la sufu, vumbi na vilio vya kondoo vikijaza njia, na hakuitaja bunduki. Alisema tu, "Nilisema akinywa sina neno. Ukihitaji mtu, tuma habari. Nashuka." Seilkan alibaki, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kijiji kikiwa kimehamia mlimani.

Kiangazi kile hakikuwa na saa. Nyua zilikuwa tupu, malango yamefungwa kwa kamba, ndege kekeo akiita kutoka kwenye miti mirefu ya mipoplari na kunyamaza. Ziwa lilikuwa likipanda na kushuka ndani ya ukungu mpaka usijue yapi maji na ipi mbingu. Seilkan na Uchar walikaa. Tufaha zikatokea, ndogo kama vifungo, zikanenepa. Alianza kuamini kwamba mtu akimimina kidogo kidogo vya kutosha, alasiri haiwezi kuisha.

Kisha Uchar akaanza kuacha maji ndani ya bakuli. Kwanza kidogo, halafu nusu. Akatapika tena. Asubuhi moja miguu ya nyuma ilikataa kusimama, akamtazama Seilkan akiona haya. Seilkan akampigia simu Meerim, na Meerim akamwambia ukweli kwa sauti ya chini, kwamba kesho asubuhi atafika na sindano ya kumlaza moja kwa moja, kama mama ataridhika. Kisha Seilkan akatuma habari mlimani kwa mpanda farasi aliyekuwa akirudi.

Alasiri ile hakumngoja Uchar aje. Alimbeba. Mbwa aliyekuwa akimwangusha mbweha alikuwa mwepesi mikononi mwake kuliko mtungi. Akamlaza kibarazani juu ya zulia la sufu, lile lile alilokuwa akimfukuza asilale juu yake, akawasha samawari, akaketi kwenye kibonde. Akanywa funda. Akamtilia funda.

Uchar akalowesha ulimi. Seilkan akamtilia tena, na safari hii Uchar hakunywa. Alinyosha shingo na kulaza kidevu chake juu ya bakuli, akaliziba. Seilkan akamwinua taratibu, akalisogeza bakuli. Akaliziba tena. Ndivyo mgeni anavyofanya huko, huweka kiganja juu ya bakuli: ahsante, nimetosheka, nanyanyuka.

"Bado," Seilkan alisema. "Bado kidogo. Kesho atakuja daktari. Kunywa, baba."

Uchar alimtazama. Macho yalikuwa yamechoka na yalikuwa na subira, ile subira ya mtu mwenye adabu aliyekaa kwenye zulia la watu, safari yake ndefu, na mwenyeji hataki kumwachia. Hapo Seilkan alielewa alichokuwa akimwambia kiangazi chote. Kila tone alilotia lilisema kaa, kaa, kaa bado. Naye alikaa. Alikuwa akingoja, ndiyo, lakini aliyekuwa akimngojesha sasa si Duisho.

Ilimuuma kiasi kwamba alishika ubao wa kibaraza. Halafu akachukua birika la maji. Akamimina polepole, maji yakapanda ndani ya bakuli la mbao alilolichonga mumewe, yakapita pale yalipozoea kukoma, yakafika ukingoni, yakasimama yamejaa, na jani la mtufaha likielea juu yake.

"Haya nenda," alimwambia. "Umekaa vizuri na mimi. Nenda, anakungoja wewe sasa."

Uchar alilitazama bakuli. Hakulinywa. Akashusha pumzi ndefu, akaegemeza kichwa kwenye paja la Seilkan, na samawari haijapoa bado, akaenda.

Asanali alifika jua likiwa bado juu ya paa la zizi. Farasi alikuwa ametapakaa jasho, na bunduki hakuja nayo. Aliingia, akaona kibaraza, akaona bakuli lililojaa. Akavua kofia.

"Ameenda?"

"Nimemruhusu."

Asanali akaketi ukingoni, pale palipozoea kidevu cha Uchar. Baadaye Seilkan akamtelemsha Uchar taratibu juu ya zulia, akamfunika, akaanza kukusanya miguu yake ili asimame.

"Umetoka mbali, hujala. Kuna maandazi, nikupashie nyama. Na koleo liko wapi, tutahitaji koleo kabla..."

"Kaa, shemeji."

"Nyama iko tayari, ni kupasha tu."

"Kaa."

Asanali alivuta sinia. Akachukua lile bakuli la tatu, jeupe, lililokuwa limefudikizwa pale miaka yote, akaligeuza, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Hilo acha," Seilkan alisema. "La mgeni hilo."

"Mgeni gani?" Asanali alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Umewahi kumwona mgeni hapa saa hizi? Lako hili. Kaka alikuwa akiliweka kwa ajili yako. Alikuwa akisema, siku moja atachoka kukimbia na ndoo, atakaa. Mimi nilidhani unajua."

Seilkan alitazama mbele yake. Kutoka kwenye kibonde kile mlango wa jiko ulikuwa wazi, na ndani yake kila kitu kilionekana: meza ya kukandia, gunia la unga, msumari wenye aproni yake, na njia yote aliyokuwa akipita na ndoo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Asanali, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kummiminia mwanamke chai, alishika birika la chai kwa mikono miwili na kumtilia kidogo, mafunda mawili tu.

Seilkan akanywa, akamrudishia bakuli. Asanali akamtilia tena, kidogo.